Diretrisi na Chupa ya Dawa ya Kupe

Sauti yake ilitangulia mwili wake. Tukiwa bado kwenye mteremko wa kwenda shule tulimsikia akiwaita waliochelewa, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kinyarwanda, mwishowe kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, kwa ajili yetu sisi tuliozaliwa ng'ambo ya mto na kurudi na wazazi baada ya mauaji ya kimbari. Tulimwita Diretrisi, kama alivyoitwa na kila mtu pale Kamembe, kuanzia wauza mchicha hadi askari wa darajani. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi, na nyumbani tuligawana naye ukuta mmoja. Jina lake la ubatizo nililisikia nikiwa mtu mzima, likanipita kama jina la mtu nisiyemjua.

Jumatatu ilikuwa siku ya ukaguzi. Tulipanga mstari, tukanyoosha mikono, naye akapita akigeuza kucha, akiinua kola za mashati, akipekua nywele kwa ncha ya penseli. Nyumba nyingi za mji miaka ile zilikuwa zimekaa tupu, wenyewe wamekufa au wamekimbilia Zaire, na sisi tuliorudi tulipoingia ndani tuliwakuta panya, kunguni na viroboto wamekwisha kuwa wenyeji. Darasani tulichanganyika: wa Bukavu, wa Uvira, wa Bujumbura, na wale ambao hawakuwahi kutoka nchini, waliokaa nyuma na kuongea kidogo. Kila kundi liliamini kwamba uchafu umeletwa na wengine. Diretrisi alilikata neno hilo asubuhi moja mbele ya shule nzima.

"Kiroboto hakimuulize muntu katoka wapi," alisema. "Kinauma tu. Nanyi mukisha kuumwa, munajikuna namna moja."

Hatukucheka. Alikuwa na namna ya kusema mambo ya kuchekesha huku uso wake umefungwa, na ole wako ukitoa jino.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Alituchapa kwa kutafuna muwa njiani, na kila jioni tulimwona kupitia upenyo wa ukuta akikaa kwenye ngazi za jikoni, amevua viatu, akitafuna muwa na kutema makapi mbali kama kijana. Alihubiri usafi kuliko padri alivyohubiri toba, lakini mkoba wake ulijaa makombo ya mkate, vipande vya chaki na leso zilizotumika. Akisahihisha madaftari aliimba rumba za Kinshasa kwa sauti nyembamba ambayo huwezi kuamini ni yake. Mtoto akilia mbele yake alitoka chumbani. Tulidhani ni ukali. Mama yangu ndiye aliyenieleza kwamba mwanamke yule hawezi kuvumilia kilio, kwamba angekaa dakika moja zaidi angelia yeye.

Jambo moja tulikubaliana sote mtaani: Diretrisi anajua. Mtu akipokea barua ya serikali ya komini, alimpelekea. Mtoto akishikwa na homa, aliitwa yeye kabla ya kwenda zahanati. Wanandoa wakigombana, alikaa katikati. Naye hakuwahi kumrudisha mtu mikono mitupu. Aliuliza swali moja au mawili, akafikiri kidogo, akatoa amri. Watu waliondoka wamepumua. Katika mji ambamo kila mtu alikuwa amepoteza wa kumuuliza, baba, shangazi au kaka mkubwa, yeye alikuwa amebaki, na alikuwa na jibu. Sasa ninapomkumbuka nafikiri kwamba sisi ndio tuliomfundisha kutosema "sijui". Hatukumwachia nafasi ya kulisema.

Mbwa hawakupendwa siku zile. Watu walikuwa wameona mbwa wakifanya mambo ambayo hayasemwi mezani, na mbwa wengi walikuwa wamepigwa risasi. Lakini paka alikuwa na thamani, kwa sababu ya panya. Sisi tulikuwa na paka mmoja wa kijivu, Minu, ambaye mdogo wangu Aline alimbeba kutwa nzima kama wanawake wanavyobeba watoto, amemfunga mgongoni kwa kitenge. Alilala naye. Asubuhi miguu ya Aline ilikuwa na vipele vyekundu kuanzia vifundoni hadi magotini.

Jumatatu moja Diretrisi alisimama mbele ya miguu ile kwa muda mrefu.

"Unalala na paka?"

"Ndiyo, Diretrisi."

"Mwambie Maman nitakuya Jumamosi. Tutaona huyo paka."

Akaja Jumamosi hiyo kabla ya mchana, amefunga leso kichwani na kukunja mikono ya blauzi, kama mtu anayekuja kuzalisha. Mkononi alikuwa na chupa ya kahawia ambayo karatasi yake ilikuwa imeloa na kubanduka. Ilikuwa dawa ya kupe. Kaka yake alifuga ng'ombe wachache Rwimbogo, naye alikuwa akiichanganya na maji ndooni na kuwanyunyizia.

"Ng'ombe anapona, paka atashindwa aje?" alisema mama alipouliza.

Alimimina kwenye kizibo, akamwaga kizibo hicho ndani ya besani yenye maji kidogo. Akayatazama yale maji, akaongeza kizibo kingine, kwa maelezo kwamba manyoya ya paka ni mazito na viroboto vinajificha. Aline alimshika Minu miguu ya mbele. Diretrisi alichovya kitambaa, akamsugua mgongo, tumbo, shingo, hadi nyuma ya masikio. Viroboto vilianguka majini vikiwa vimekufa, vyeusi kama punje za ulezi. Tulishangilia. Mama alisema Mungu ambariki. Diretrisi alifunga chupa, akaondoka na kutuachia amri ya kutomwosha paka hadi dawa ikaukie mwilini.

Aline alimchukua Minu akiwa bado ameloa, akamfunga kwenye kitenge apate joto. Minu alijilamba. Alijilamba kifua, alijilamba miguu, alijilamba kwa bidii kama afanyavyo paka yeyote aliyelowana. Hakuna aliyeliona kuwa jambo.

Baada ya chakula cha mchana mate yalianza kumtoka. Kisha misuli ya mgongo ikaanza kurukaruka chini ya ngozi. Alisimama, akatembea kama mlevi, akaanguka ubavu, miguu ikapiga hewa. Mama alimpanua mdomo akammiminia maziwa, kwa sababu sote tulijua kwamba maziwa huondoa sumu. Maziwa yalirudi na povu. Nilitumwa mbio kumwita Diretrisi.

Alikuja, akapiga magoti sakafuni, akakishika kichwa cha Minu kwa mikono miwili. Alikaa hivyo mpaka miguu ilipotulia. Aline alikuwa analia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza Diretrisi hakutoka chumbani.

"Amekula kitu," mama alisema. "Huyu amekula kitu. Kutwa yuko kwa Maman Furaha anakula vichwa bya sambaza."

Diretrisi alikilaza kichwa cha Minu sakafuni.

"Inawezekana," akasema.

Nataka kumwelezea mwanamke huyu kama alivyokuwa, kwa hiyo siwezi kuliruka neno hilo. Hakumshtaki mtu. Alisema neno moja tu, tena la kujikinga, akasimama, akarudi kwake. Jioni, kabla jua halijazama, Aline naye alianza kutapika. Alilalamika tumbo, jasho likamtoka, mate yakamjaa mdomoni.

"Ulikula nini?" mama alimtikisa. "Mutoto, ulikula nini?"

"Maandazi."

"Ya nani?"

"Ya Maman Furaha."

Maman Furaha alikuwa mama wa Kibukavu aliyevuka daraja vita vilipoingia ng'ambo. Alipanga chumba cha nyuma katika nyumba ya jirani, na kila asubuhi aliweka mbabula yake, jiko la makaa, kwenye kona, akakaanga maandazi na sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Furaha mwenyewe hatukuwahi kumwona. Alikuwa binti yake mkubwa, na walikuwa wamepotezana siku ya kukimbia. Mama mtu alimtaja kila siku kana kwamba yuko dukani anarudi.

Asiyekulia Kivu hawezi kujua uzito wa jambo lililofuata. Kwetu mtu akisemwa ni mwizi, atacheka au atapigana. Akisemwa anatega karuho, yaani sumu ya kuwekwa kwenye chakula, amekwisha. Hahitaji kushtakiwa, anaachwa tu. Mama yangu alizungumza na jirani mmoja bombani, kwa hasira na hofu ya mzazi, naye jirani akazungumza na mwingine. Leo paka, kesho mutoto. Aline alipona kesho yake baada ya kulala sana, lakini kupona kwake hakukusaidia kitu. Walisema sumu ilikuwa ndogo, mama yule alikuwa anajaribu.

Siku zilizofuata maandazi yalipoa kwenye sinia. Watoto walipita kona ile wakikimbia na kuziba pua. Mtu aliipindua mbabula yake alipokwenda kuchota maji. Mwenye nyumba alimwambia atafute pengine, huku ng'ambo milio ya bunduki ikisikika na daraja likifungwa na kufunguliwa bila mpango. Nilimsikia Maman Furaha akisema na mama mlangoni petu. Alikuja mwenyewe, akasimama nje, hakukaribishwa.

"Mimi sikumupa paka wenu sumu, Maman Aline. Alikuwa anakuya, namupa kichwa ya sambaza, anaenda. Juu ya nini nimuue? Hata mutoto wako namupenda."

"Sijasema kitu," mama alijibu.

"Ndiyo. Hakuna muntu amesema kitu. Lakini hakuna muntu ananunua."

Diretrisi alipita kona ile asubuhi na jioni, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kwenda shule. Alimwamkia Maman Furaha, tena alimwamkia vizuri, kwa heshima zote. Lakini hakununua.

Kisha likaja jambo la stoo ya shule. Palikuwa na paka jike aliyezaa nyuma ya magunia ya mahindi ya watoto, na viroboto vya paka huyo vilikuwa vimejaa hadi vikawapanda walimu. Mlinzi wa shule alikuwa amesikia kazi aliyoifanya Diretrisi kwetu, na jinsi viroboto vilivyoanguka. Aliomba dawa iliyobaki, naye Diretrisi akasema hapana. Mlinzi alishangaa, maana hakuwahi kumsikia akimnyima mtu msaada. Diretrisi alipokuwa mkutanoni komini, mlinzi aliichukua chupa kabatini na kufanya kama alivyosikia. Diretrisi aliporudi, mama paka alikuwa amejikunja kwenye kona ya stoo, ameshakauka, na vitoto vyake vilivyomnyonya vilikuwa vimelala karibu na tumbo lake, mdomo wa kila kimoja una povu.

Hapakuwa na maandazi pale. Hapakuwa na Maman Furaha wala samaki.

Diretrisi alifunga ofisi akashuka hadi ofisi ya mifugo ya komini. Mlinzi alimsindikiza amebeba chupa, na ndiye aliyesimulia yaliyosemwa. Daktari wa mifugo alikuwa kijana aliyesomea Butare, mwenye haraka. Aliinusa chupa, akacheka.

"Diretrisi, hii ni ya kunyunyizia ng'ombe, tena kizibo kimoja kwa ndoo nzima. Paka ni kilo tatu! Na paka anajilamba. Chochote unachompaka mgongoni unampa ale."

"Angepona?"

"Angeoshwa palepale kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, pengine. Mlimpa nini?"

"Maziwa."

Akacheka tena, kisha akaona uso wake, akaacha. Alimwambia kuwa paka anasumbuliwa hata na dawa nyingine zinazouzwa kwa ajili ya mbwa, na kwamba vitoto vinavyonyonya havipakwi dawa kabisa, vinachanwa kwa kitana chembamba, na matandiko yanachemshwa na kuanikwa juani. Alipomaliza akauliza kama kuna mtu aliyemshika paka akiwa ameloa. Diretrisi akamweleza habari ya Aline: kitenge, maandazi yaliyoliwa kwa mikono isiyooshwa, kutapika, mate, jasho.

"Mshukuru Mungu," daktari akasema. Wakati huu hakucheka.

Asubuhi iliyofuata, saa ambayo watoto wanakwenda shule na kina mama wanatoka bombani, Diretrisi alisimama kwenye kona, mbele ya mbabula ya Maman Furaha, na ile chupa ya kahawia mkononi. Hakupaza sauti. Hakuwa na haja, watu walikuwa wamezoea kuisikia.

"Bajirani, munisikilize. Paka wa kwa Maman Aline alikufa juu yangu. Nilimupaka dawa hii ya ng'ombe. Mutoto alitapika juu ya dawa hii. Hakukuwa sumu kwa maandazi. Huyu mama hana kosa. Kosa ni yangu mimi."

Nilikuwa nimesimama na mkoba wa shule. Mama alikuwa na ndoo kichwani, hakuishusha. Mzee mmoja alikohoa na kuangalia viatu vyake. Nilikuwa mtoto, nilidhani watu wakishajua ukweli watafurahi. Sikuwahi kuona watu wazima wengi kiasi kile wakitafuta mahali pa kuweka macho.

Diretrisi akamgeukia Maman Furaha.

"Unisamehe."

Maman Furaha alikuwa anageuza maandazi mafutani. Aligeuza lililobaki, akaweka kijiti chini.

"Unataka nini?"

"Maandazi."

"Yako haiko."

Sinia lilikuwa limejaa. Diretrisi aliitika kwa kichwa, akasema aksanti, akaenda shuleni. Tulimfuata kwa mbali bila kelele, na siku ile hakuwaita waliochelewa.

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Kila asubuhi aliomba maandazi, kila asubuhi alijibiwa vilevile. Wengine walianza kununua tena. Mama alinituma mimi, hakwenda mwenyewe, na Maman Furaha alinifungia kama zamani kwenye karatasi, akauliza hali ya Aline. Mwenye nyumba hakusema tena habari ya kuhama. Lakini kona haikurudi kuwa ilivyokuwa. Watu walinunua haraka na kuondoka, walilipa bila kuomba punguzo, na waliongea naye kwa upole uliozidi, upole wa watu wanaotaka usahau. Yeye hakusahau. Ng'ambo kulipotulia kidogo alifunga virago.

Siku ya kuondoka hakutokea mtu wa mtaa wetu kumsaidia mizigo. Si kwa chuki. Tuliona haya, na haya yetu ilimfikia kama chuki. Diretrisi peke yake alitoka, akainua ile mbabula nyeusi ya masizi, yeye na blauzi yake nyeupe, akaibeba kifuani. Maman Furaha alimtazama, hakumkataza. Waliteremka kuelekea darajani, mmoja mbele, mwingine nyuma.

Tangu hapo Diretrisi aliyageuza yale kuwa somo. Kila mwaka, darasa jipya lilipofika, aliwaambia habari ya paka aliyemuua. Alieleza yote, kuanzia kizibo hadi maziwa. Aliwafundisha kwamba dawa isiyo na karatasi yake haitumiki, kwamba ya ng'ombe ni ya ng'ombe, na ya mbwa si ya paka, na kwamba mikono huoshwa kabla ya kula hata kama viroboto vimekufa vyote. Watoto walicheka paka alipoanguka kama mlevi, naye alisubiri wamalize. Wazazi wengine walilalamika kwamba mwalimu mkuu anajishusha. Konseye, kiongozi wa mtaa, alimwita akamwambia imetosha. Akaendelea. Hadithi yake ilimalizika daima kwa maneno yaleyale: "Nilipojua, nilisema."

Nilimwona tena baada ya miaka mingi. Nilikwenda Mibirizi kumtazama ndugu aliyelazwa hospitalini, nikaambiwa Diretrisi anaishi hapo juu, karibu na misheni, kwa mtoto wa dada yake. Miguu ilikuwa imevimba, sauti imebaki. Alinikalisha, akaniuliza habari za kila mtu, akafurahi kusikia Aline ana watoto.

Kisha, bila mimi kuuliza, akaniambia kwamba alikuwa amempata Maman Furaha. Alivuka kwenda Bukavu kwa mazishi ya jamaa, akamkuta sokoni Kadutu, anauza vitenge.

"Alinitambua mbele nimutambue," alisema. "Akanikumbatia. Akaita bamama benzake, akabaambia: huyu muntu ni wa kweli, ile saa alijua, ile saa akasema. Wakanipa kiti. Wakanipa fanta."

"Ni vizuri, Diretrisi."

"Si vizuri." Alinitazama kama alivyotutazama siku za ukaguzi. "Mimi sikujua kwa veterineri. Nilijua sakafuni kwenu, nilipokishika kichwa cha paka. Harufu ilikuwa ni ile dawa tu, hadi ndani ya kinywa. Nilijua. Ndiyo maana mlinzi nilimnyima chupa. Siku zote zile napita mbele yake, namwamkia, nilikuwa najua. Kwa veterineri nilikwenda kuomba aniambie si kweli. Na kule Kadutu walipokuwa wananisifu, nilikunywa fanta nikanyamaza. Miaka yote hii nadanganya batoto darasani, na sasa nimemudanganya na yeye."

Nilisema kitu cha kijinga, kwamba ni zamani.

"Unaweza kunivusha?" akauliza.

Tulikwenda wiki iliyofuata. Alivaa viatu vilivyombana, akakataa kandambili. Kwenye daraja alipumzika akishika ukingo. Kadutu kuna mteremko mkali na tope, nikamshika mkono hadi kwenye meza ya vitenge. Maman Furaha alikuwa amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Alipomwona akapiga makofi kwa furaha, akaanza kuita wenzake.

"Usibaite," Diretrisi akasema. "Ngoja kwanza."

Akamwambia akiwa amesimama. Hakuongeza sababu yoyote, hakutaja vita, hakutaja hofu. Alisema alijua tangu siku ya kwanza, akanyamaza hadi paka wa shule walipokufa, na kama wasingekufa hajui kama angesema.

Maman Furaha alikuwa ameshika kitenge kilichokunjuliwa nusu. Alikikunja taratibu, akakilaza juu ya vingine, akakipapasa kisiwe na mkunjo.

"Aksanti kunielezea," akasema. "Sasa uende."

Mteja alifika akiulizia bei, naye akamgeukia.

Tulipanda mteremko. Nilitafuta neno la kumpoza mwanamke mzee aliyevuka mto kwa miguu iliyovimba, nikaanza: "Diretrisi, labda siku nyingine..."

"Hapana," akanikatiza. "Kanijibu vizuri. Ni haki yangu."

Nilitaka kumshika mkono tena, kwa sababu ya tope. Aliuondoa, akaendelea kupanda mwenyewe, polepole, akisimama kila baada ya hatua chache, na sauti ya pumzi yake niliisikia hadi juu.